Kundi la Kusubiri

Hospitali nzima ilimwita Wastani, kuanzia mkurugenzi hadi wasukuma vitanda, na aliyelizua jina hilo alikuwa mke wake. Enzi za uchumba, mama mkwe alitaka kujua huyo kijana wa takwimu yukoje, na binti akamjibu: "Si mrefu si mfupi, si tajiri si fukara, sura yake haitishi watoto wala haisimamishi magari. Wastani tu, mama." Wakaoana, na jina likabaki la ndani ya nyumba mpaka siku mke aliposahau kuzima kipaza sauti. Alikuwa opereta wa simu wa hospitali hiyohiyo, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiita madaktari kwenye korido zote. Mchana mmoja, baada ya kumwita daktari wa zamu kwa adabu zote, wodi zote zikasikia sauti ileile ikiendelea: "Wastani, njaa inaniua, uko wapi?" Naye, huko chumbani kwake katikati ya mafaili, akaitika kwa nguvu, "Naam!" kana kwamba mke angemsikia. Wagonjwa wenye plasta walicheka mpaka wakaomba dawa ya maumivu, na tangu siku hiyo jina la kwenye cheti likafa kifo chake cha kawaida.

Tangu hapo ikawa desturi. Mke akiita kwenye kipaza sauti, hata kwa jambo la kikazi, mume huitika "Naam!" akiwa peke yake na kompyuta. Watu walimwona kichaa kidogo, lakini ni kichaa cha mtu aliyeshiba kwake, wakamwacha.

Sasa mwaka na ushei ulikuwa umepita mke hajalitamka jina hilo. Kiharusi kilimkuta jikoni anamenya kitunguu. Kikapooza mkono wa kulia, kikamvuta mdomo upande, kikaondoka na maneno yote. Akili ilibaki palepale: ukimdanganya anakukazia macho, ukimchekesha anacheka na nusu ya uso. Alijua anachotaka kusema, ila njia ya kutoka kichwani kwenda mdomoni ilikuwa imekatika. Alikuwa akisema "ta, ta, ta," kisha anapiga meza kwa hasira na kugeukia ukutani.

Kazini mambo yalikuwa magumu zaidi. "Wastani, umeamkaje?" muuguzi anamwita. "Mzee Wastani, printa imegoma tena!" Kila akiitwa, moyo ulimruka kwanza, kisha ukatua vibaya, kwa sababu kila kinywa kililijua jina lile isipokuwa kile alichokitamani. Alimkumbuka mkewe wakati mkewe yuko hai, wanalala kitanda kimoja. Hayo ni majonzi ambayo hata kuyaeleza unaona aibu, maana watu wamezoea kwamba anayekumbukwa ni aliyekufa.

Ndipo alipokuja mtaalamu wa usemi, binti wa umri wa kitinda mimba wake, na mbinu ya kuwaimbisha wagonjwa wa namna hiyo. Mgonjwa haambiwi "sema maji". Anaimbiwa: "ma" kwa sauti ya juu, "ji" kwa sauti ya chini, huku akigongeshwa mkono wa kushoto mezani, silabi kwa silabi, mpaka neno litoke likiwa wimbo, na siku moja litoke likiwa neno. Binti alitaka hospitali ifungue kitengo chake. Mkurugenzi, mtu wa kusema kwa mkato, akamwambia kwamba habari za wagonjwa kufurahi hazimtoshi. "Hata pipi inafurahisha. Nileteeni jaribio."

Kazi ya jaribio ikamwangukia Wastani. Akapanga makundi mawili: moja la kuimba, jingine la kuendelea na mazoezi ya kawaida na kusubiri. Mwisho wa msimu, muuguzi kutoka wodi nyingine, asiyejua nani ni wa kundi gani, angewaonyesha wote picha zilezile, kikombe, ufunguo, ngazi, na kuhesabu walizoweza kuzitaja. Tofauti ikionekana, kitengo kinafunguliwa na waliosubiri wanaingia kwanza. Isipoonekana, chumba cha binti kinarudi kuwa stoo ya viti vya magurudumu.

"Na mkeo akiwemo?" mkurugenzi akauliza. "Si itakuwa shida?"

"Namba hazina shemeji," Wastani akajibu, akijiona mjanja.

Makundi yalipatikana kwa bahasha. Alizifunga mwenyewe, akazichanganya mwenyewe kwenye kikapu cha karatasi, na kila mgonjwa akachagua yake. Mkewe alichagua kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anachagua nyanya sokoni. Mtaalamu akaifungua, akaisoma, akamtazama Wastani kabla ya kusema: kusubiri. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Siku hiyohiyo aliwakusanya ndugu wa wagonjwa ukumbini kuwaeleza masharti. Mkewe alikuwa safu ya mbele. "Jamani, nawaomba sana," alisema, "walio kundi la kusubiri, msiwaimbishe nyumbani. Mkiimba, makundi mawili yanakuwa moja, na mimi sitakuwa na cha kulinganisha. Mtakuwa mmewanyima wote."

Binti wa fundi viatu alinyoosha mkono. Baba yake alikuwa kundi la kusubiri pia, mzee mwenye mikono myeusi kwa kiwi ambaye kiharusi kilimwachia neno moja tu, "basi", akalitumia kwa kila kitu. "Shikamoo baba. Mimi napenda kuimba nikiosha vyombo. Hizo za kawaida tu. Nazo niache?"

"Marahaba, mwanangu. Ukiweza, ziache," Wastani akasema, na msichana akaahidi.

Sasa sikiliza upuuzi wa ujenzi. Chumba cha mtaalamu na ofisi ya Wastani vilitenganishwa na ubao mwembamba, ule wa kupigilia misumari midogo. Kutwa nzima alikuwa anasikia: ma-ji, di-ri-sha, ni-na-ki-u. Anajaza majedwali yake huku vidole vya kushoto vinagonga meza bila ruhusa. Aliwasikia watu wa kundi la kwanza wakianza na milio tu, wakifika kwenye silabi, wakifika kwenye maneno. Siku moja alimsikia mwanamke mmoja akimwita mwanawe kwa jina, na mwana akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Wastani alitoka akaenda kusimama nyuma ya jengo, karibu na matangi ya maji, mpaka macho yakakauka.

Ngojangoja huumiza matumbo. Jioni hiyo alikaa mbele ya mkewe mezani, akaushika mkono wake wa kushoto, akaugongesha polepole na kuimba, "Ma-ji."

Mke akainua nyusi. Alikuwa ukumbini, alisikia hotuba yote. Akamtazama kwa lile jicho la kumkamata mtu na mkono mtungini.

"Hakuna atakayejua," Wastani akasema. "Nani atajua? Mimi nawe tu."

Wakawa wanaimba kila jioni, madirisha wamefunga. Haikuwa kazi nyepesi. Mke alikasirika, alirusha kijiko, siku nyingine alikataa kabisa. Lakini "ma" ikaja, kisha "maji", kisha "dirisha", na baada ya muda mrefu akasema "funga dirisha, baridi" bila kuimba, na wote wawili wakatazamana kama watu waliovunja sahani ya mgeni. Maneno yalikuja mengi. Jina halikuja. Wastani hakulitia kwenye mazoezi, maana aliona la kufundishwa angeweza kulipata hata kwa kasuku. Alitaka lije lenyewe, kutoka huko lilikokwenda. Alikuwa akichelewesha kuingia ndani makusudi, anasimama sebuleni kimya, akingoja aitwe. Mke alikuwa akisema, "We!" au "Njoo!" na yeye huenda, na hutabasamu, na ndani moyo unamuuma.

Msimu ukaisha. Muuguzi akamaliza na picha zake, alama zikaja kwa Wastani zikiwa na namba za siri tu, bila majina.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, jaribio lenyewe halina uchawi. Unachukua wastani wa kundi la kwanza na wastani wa kundi la pili, unatazama pengo lililo kati yao, kisha unatazama watu walivyotawanyika ndani ya kila kundi. Halafu unauliza: kama kuimba hakusaidii lolote, pengo kubwa namna hii lingetokea kwa bahati tu mara ngapi katika mia? Kikomo walishakubaliana mapema kuwa ni tano. Chini ya tano unasema tofauti ipo. Juu ya tano unafunga mdomo wako, hata kama roho inakwambia vingine.

Jibu lilikuja: tisa katika mia.

Hakuamini. Alikaa nyuma ya ule ubao msimu mzima, aliyasikia maneno yakizaliwa. Akachora alama kwenye grafu, nukta kwa nukta. Kundi la kuimba lilikuwa limepanda vizuri kabisa. Kundi la kusubiri lilikuwa chini, limekaa pamoja, isipokuwa nukta moja iliyosimama juu peke yake, juu hata ya wengi walioimba. Nukta hiyo ndiyo iliyovuta wastani wa wenzake juu na kuutanua mtawanyiko. Hakuhitaji jina. Alimjua huyo hata bila miwani.

Akaiondoa, kujaribu tu. Jibu likashuka: tatu katika mia.

Alikaa akiitazama hiyo tatu. Kuiondoa nukta moja ni kazi ya kidole kimoja, na hakuna hospitalini ambaye angeuliza. Tena si uongo mtupu, alijiambia: mke wake hakusubiri, aliimba, kwa hiyo hakuwa mtu wa kundi hilo. Akiondolewa, jibu linakaribia ukweli, kitengo kinafunguliwa, fundi viatu anapata maneno mengine zaidi ya "basi". Nani angeumia? Lakini kwenye mpango wa utafiti, ukurasa wa kwanza kabisa, kulikuwa na kanuni aliyoiandika kwa mkono wake kabla ya kuona namba hata moja: kila mtu atahesabiwa katika kundi lililotoka kwenye bahasha yake, litokee la kutokea. Aliiandika kwa sababu ya watu kama yeye, wanaoondoa nukta isiyowapendeza na kuipa sababu nzuri baadaye.

Alirudi nyumbani mapema, akakaa mezani bila kugusa chakula.

"Nini?" mke akauliza.

Akamweleza yote, hakubakisha. Ukibaki, chumba kinakuwa stoo. Ukitolewa kimyakimya, watu wanapona. "Na nikitaja kwa nini unatolewa, nitakuwa nimejivua nguo mbele ya hospitali nzima. Yule binti mtaalamu aliniamini. Wale ndugu wote waliniamini. Niambie, mama watoto, nifanyeje?"

Mke alifikiri. Neno lilikuwa linatafuta njia, mdomo ukajikunja, kisha likatoka: "Sema."

"Nitasemaje?" Na kweli, alipojaribu palepale, maneno yakagoma. "Mimi... yaani ilikuwa..." Hakufika popote.

Basi mke akauvuta mkono wa mumewe wa kushoto, akauweka juu ya meza, akaugongesha. "Ni-li-mwi-mbi-a," akaimba, juu chini, juu chini. Akamngojea.

"Ni-li..." Wastani akaanza, akakwama.

Mke akatikisa kichwa, akaanza upya, kwa subira ileile ambayo mume alimfundishia yeye. Walirudia mpaka mume akaweza kuimaliza sentensi bila kukatika. Chakula kikapoa hivyohivyo.

Kesho yake walikwenda wote. Mke ndiye aliyekataa kubaki. Alichukua mkoba wake na kusimama mlangoni, biashara ikaisha. Alikaa kwenye benchi la koridoni, karibu na fundi viatu na bintiye, ambao walikuwa wamekuja kusikia matokeo, na Wastani akaingia kwa mkurugenzi. Mtaalamu wa usemi alikuwa tayari humo, amekaa ukingoni mwa kiti.

Akawaonyesha tisa. Akawaonyesha ile nukta. Kisha, vidole vya kushoto vikigonga paja chini ya meza, akasema, "Nilimwimbia."

Mtaalamu hakuelewa mara moja. "Ulimwimbia nani?"

"Mke wangu. Nyumbani. Msimu wote."

"Lakini mlango wangu ulikuwa unafungwa kila siku."

"Mlango sawa, mwanangu. Ubao ndio mwembamba."

Binti yule aliinama, akafunika uso kwa viganja. Alipouinua hakuwa amelia. Alikuwa amekasirika, na Wastani aliona heri angelia. "Kazi yangu ya msimu mzima, Mzee. Wewe ndiye uliyewakataza watu ukumbini. Kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu."

Mkurugenzi akakohoa. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu mambo yaishe. "Basi mtoe huyo mmoja. Umesema mwenyewe hakusubiri. Tatu katika mia, tunafungua kitengo, kila mtu anakwenda kunywa chai."

Wastani alitamani sana. "Mkubwa, tukimtoa huyu kwa sababu jibu halikutupendeza, utafiti ujao tutamtoa nani? Andikeni yote mawili, na tatu iwekwe pembeni na sababu yake. Lakini jibu letu ni tisa. Duru ya pili ifanyike na wagonjwa wapya, na mtakwimu mwingine. Asiye na mgonjwa kwake."

"Na mkeo je?" mtaalamu akauliza, sauti imeshuka kidogo. "Nukta iliyo juu ya wote. Hiyo si ushahidi?"

"Mtu mmoja si kundi, mwanangu," akajibu, na kulisema hilo kulimuuma kuliko yote, maana kwake yeye mtu huyo mmoja alikuwa dunia.

Ikaamuliwa hivyo. Mwisho wa mwezi viti vya magurudumu vinarudi chumbani mpaka duru ya pili itakapopata kibali, na kibali huja kikitaka. Mkurugenzi akasema kuwaambia ndugu ni kazi ya Wastani, na hapo hakukosea.

Koridoni, binti wa fundi viatu alisimama mara tu mlango ulipofunguliwa. Wastani alimweleza palepale, wamesimama, kwa maneno mepesi: kwamba jaribio halikuonyesha tofauti, kwamba aliyelivuruga ni yeye, na kwa namna gani. Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Hakutukana. "Mimi niliacha hata kuimba nikiosha vyombo," alisema tu. "Baba alikuwa ananitazama anashangaa kwa nini nimenyamaza. Nikawa siwezi kumwambia."

Angepatikana mtu wa kumgongeshea Wastani mkono mezani wakati huo, pengine neno lingetoka, lakini alisimama vilevile, mikono imemning'inia, na watu wanapita na trei zao wanamsalimu, "Wastani, habari za asubuhi."

Mtaalamu alikuwa ametoka nyuma yao. Akaegemea ukuta, akasema bila kumtazama, "Utafiti umefungwa leo. Hakuna tena kundi la kusubiri, na mwezi haujaisha. Anayetaka kuimba na aimbe." Kisha akamgeukia msichana. "Mlete baba yako saa sita. Na ukirudi nyumbani, vyombo vyako viimbie."

"Basi," akasema fundi viatu, na safari hii hakuna aliyejua ana maana gani.

Hapo ndipo mke wa Wastani alipogeuka kwenye benchi. Aliuchukua mkono wa kushoto wa yule mzee, wenye kiwi kwenye kucha, akauweka juu ya mkoba wake. Fundi viatu akamtazama bintiye, kisha akamtazama yule mwanamke asiyemjua, akauacha mkono wake. Kabla ya kuanza, mke akanyoosha kidole moja kwa moja kwa mumewe ili mzee ajue anayezungumziwa ni nani. Mdomo ukajikunja. Wastani aliliona neno likija kutoka mbali, akajua ni refu zaidi ya "njoo", akashika pumzi. Mwaka mzima na ushei alikuwa amelingoja.

"Mwizi," mke akasema, waziwazi, bila kuimba.

Fundi viatu alimtazama mwanamke, akamtazama mwizi, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka, kicheko kizima cha mtu mzima ambacho kiharusi hakikukigusa, na bintiye akajikuta anacheka naye huku machozi yanamtoka. Mke naye alikuwa anacheka, kwa nusu ya uso, na jicho lake lilikuwa lilelile la msichana aliyemwambia mama yake kwamba kijana mwenyewe ni wa hivihivi tu. Wastani hakuwa ameliona tangu siku ya kitunguu. Alikuwa amekaa sebuleni siku nenda rudi akilingoja jina, kumbe alichokuwa anakitamani ni yeye, yule anayemtania, na huyu hapa kwenye benchi, amefika na jina jipya.

"Mwizi!" mke akaita tena, kwa sauti ya kipaza sauti, akimwashiria aje akae.

"Naam!" Wastani akaitika.